Jicho Jekundu, Mboni Ndogo

Naamini mnaikumbuka Januari ya mwaka 2024, Dar es Salaam ilipoamka na macho mekundu. Ukipanda daladala alfajiri unakuta watu na miwani myeusi, na jua lenyewe bado halijatoka. Mwalimu anamrudisha mwanafunzi nyumbani, bosi anamrudisha karani, kinyozi anamkwepa mteja. Wizara ya Afya ikatangaza: ni virusi, naweni mikono, msichangie taulo, msijiwekee dawa ambazo hamkuandikiwa. Haukupita muda, Mombasa nako wakawa wanafikicha macho. Katika maagizo hayo yote, nadhani la dawa ndilo lililopuuzwa zaidi. Watu waliingia duka la dawa wakatoka na chupa ya matone, wakajiwekea, wakawawekea watoto, na kilichobaki wakampelekea jirani. Wiki moja, mbili, ugonjwa ukaisha. Ungeisha hata bila ile chupa, maana kwa walio wengi virusi vya namna ile huondoka vyenyewe. Lakini sifa akapewa nani? Chupa.

Sifa hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi. Aliyepona mwaka ule anajua, au anadhani anajua, kwamba jicho likiwa jekundu dawa yake iko dukani na jina lake analo mama jirani. Na baadhi ya chupa hizo zina steroidi, dawa za kuzima uvimbe, ndani yake: deksamethasoni, betamethasoni, prednisoloni. Mara nyingi steroidi huchanganywa na antibayotiki kama gentamaisini au neomaisini, kwa hiyo mnunuzi anaambiwa amepewa "dawa ya kuua wadudu" na hakuna aliyemtajia ile nyingine. Steroidi zinatuliza wekundu upesi ajabu. Asubuhi umeweka, jioni watu wanakuuliza umetumia nini.

Nisieleweke vibaya, mimi si adui wa steroidi. Upo ugonjwa wa jicho ambao mtu asipopewa steroidi anaweza kupofuka, na ugonjwa huo una dalili ambayo wewe mwenyewe unaweza kuiona ukisimama mbele ya dirisha na kioo mkononi. Dalili yenyewe ni mboni iliyosinyaa. Wekundu peke yake ni shahidi asiyeaminika: unapiga kelele kwa jambo dogo, na kwa jambo kubwa unaweza kunyamazishwa kwa tone moja. Mboni haidanganyi kirahisi hivyo.

Mboni ni lile tundu jeusi katikati ya jicho. Ndiyo, ni tundu. Mwanga unapita hapo kuingia ndani. Limezungukwa na duara lenye rangi, ambalo kwa wengi wetu ni la kahawia iliyokoza, na wataalamu huliita irisi. Ndani ya irisi kuna misuli ya aina mbili. Mmoja umezunguka tundu, ukijikaza mboni inakuwa ndogo. Mwingine umepangwa kutoka katikati kwenda pembeni, ukijikaza mboni inapanuka. Kwenye mwanga mkali mboni huwa na upana wa milimita 2 hadi 4; gizani, hasa kwa kijana, inaweza kufika 8. Na mboni zote mbili hufanya kazi pamoja: mulika jicho la kulia, la kushoto nalo linabana.

Kabla hamjaanza kupimana mboni humo sebuleni, niseme jambo moja la kuwatuliza. Takriban mtu mmoja katika kila watano ana mboni zinazotofautiana kidogo tangu zamani, na hana ugonjwa wowote. Tazameni picha zenu za zamani mtaona. Na sisi wenye irisi nyeusi, tundu jeusi ndani ya duara jeusi halionekani vizuri chumbani. Simama karibu na dirisha, au mwenzako amulike kwa tochi ya simu kutoka ubavuni, asiielekeze moja kwa moja usoni. Kinachotafutwa ni mambo matatu kwa pamoja: jicho jekundu, linauma, na mboni yake ni ndogo kuliko ya mwenzake au imepoteza uduara.

Ukiyaona hayo, kuna uwezekano mkubwa kwamba irisi yenyewe imevimba kwa ndani. Madaktari huita hali hiyo iritisi, na ukihesabu na sehemu za jirani zinazoshiriki uvimbe huo, uveitisi ya mbele. Kinachotokea ni hiki. Uvimbe unatoa kemikali zinazouchokoza ule msuli wa kubana, nao unakakamaa na kukataa kulegea. Ndiyo maana mboni inakuwa ndogo. Ndiyo maana pia mwanga unauma: kila mwanga unapoingia, msuli uliovimba unalazimishwa kujikaza tena. Na hapa pana jaribio dogo ambalo daktari mzuri hulifanya bila kifaa chochote zaidi ya tochi. Anaziba jicho bovu kwa kiganja, anamulika jicho zima. Mgonjwa anaruka! Jicho lililomulikwa halina tatizo, lakini lile lililofunikwa limebana pamoja na mwenzake, na kubana huko ndiko kunakouma. Macho mekundu ya virusi hayafanyi hivyo.

Tofauti nyingine zipo. Macho mekundu ya kuambukizana huanza jicho moja yakahamia la pili, yana tongotongo, asubuhi kope zimegandana, na mtu analalamika kuwashwa au kuhisi mchanga. Iritisi kwa kawaida hukaa jicho moja, machozi yanatiririka lakini tongotongo hakuna, maumivu ni ya ndani kabisa, yale ya kupanda hadi kwenye paji la uso, na kuona kunakuwa na ukungu. Wekundu wake nao umejikusanya kuizunguka konea, lile pazia angavu la mbele, badala ya kutanda upande wa kope. Kuna pia jicho jekundu la tatu, ambalo lina mboni kubwa kuliko kawaida, haibani hata ikimulikwa, na mgonjwa anatapika kwa maumivu. Hiyo ni presha ya jicho iliyopanda ghafla. Tiba yake inakwenda kinyume na ya iritisi, kwani mboni ile inatakiwa kubanwa, na mtu akipewa matone ya kuipanua anaongezewa balaa. Hapo mnaona mboni ilivyo na neno.

Hospitalini mgonjwa anakalishwa mbele ya ile mashine ya macho, kidevu juu ya kishikio, paji la uso limegusishwa kwenye mkanda. Daktari anazima taa ya chumba, anapitisha mwale mwembamba wa mwanga kutoka pembeni. Kati ya konea na irisi kuna chumba kidogo kilichojaa maji angavu, na katika jicho zima mwale unapita pale bila kuonyesha kitu. Katika iritisi, maji yale yana chembe nyeupe za damu zinazoelea, zinapanda upande huu na kushuka upande ule, kama vumbi linavyocheza kwenye mwali wa jua uliopenya tundu la bati. Daktari anazihesabu. Wiki ijayo atazihesabu tena, na hesabu hiyo ndiyo itakayomwambia kama apunguze dawa au aongeze. Nalitaja jambo hili makusudi: dozi inafuata chembe ambazo wewe na mimi hatuwezi kuziona kwa macho matupu. Jicho linaweza kuwa jeupe kabisa huku chembe bado zimo.

Pamoja na chembe, maji yale yanajaa protini, na protini inanata. Irisi kwa nyuma imelalia lenzi ya jicho. Mboni ikiwa imebana, ukingo wake unagusana na lenzi kwa muda mrefu, protini inafanya kazi ya gundi, na baada ya siku chache pale pamegandana. Baadaye mboni inapojaribu kupanuka, inapanuka pale tu palipo huru. Penye gundi inabaki imeshikwa. Unaona tundu lenye kona na mikunjo badala ya duara. Ikigandana kote kuzunguka, mambo yanakuwa mabaya. Maji ya jicho hutengenezwa nyuma ya irisi na hupitia kwenye mboni kuja mbele. Njia ikizibwa, maji yanajikusanya nyuma, yanaisukuma irisi mbele, presha inapanda, na mshipa wa fahamu wa jicho unaanza kufa. Hapo inabidi daktari atoboe tundu jipya kwenye irisi kwa leza au kwa upasuaji.

Kwa hiyo tiba ya iritisi ni chupa mbili. Ya kwanza ni steroidi, kazi yake kuzima uvimbe. Mara nyingi ni prednisoloni ya asilimia 1, na mwanzoni huwekwa kila saa moja mgonjwa akiwa macho. Kila saa! Watu wakisikia hivyo wanadhani nesi amekosea kuandika. Chupa hiyo ni ya kutikiswa, na kutikiswa kweli, kwa sababu dawa imo ndani kama unga laini uliotuama chini. Asiyetikisa anajiwekea maji wiki ya kwanza, na wiki ya mwisho, ambapo dozi ilitakiwa ishuke, anajiwekea dawa nzito. Wahudumu wetu wengi husahau kusema neno hilo moja, "tikisa", na mgonjwa anarudi jicho halijapungua, analaumiwa kwamba hakutumia dawa.

Chupa ya pili ndiyo isiyofahamika mitaani, nayo ni ya kupanua mboni: saiklopentoleti, homatropini, au atropini yenyewe. Inaulegeza ule msuli uliokakamaa, maumivu yanapungua, na ukingo wa irisi unavutwa mbali na mahali pa kugandia. Ikiwahiwa, gundi changa inaachia na daktari anaiona mboni ikifunguka palepale kitini, kona moja baada ya nyingine. Ikicheleweshwa, haiachii tena. Atropini hutokana na mimea ya jamii ya mnanaha, ule wenye maua meupe ya tarumbeta na tunda la miiba unaoota kandokando ya mashamba na majalalani. Mkulima akiung'oa kisha akafikicha jicho, anaweza kukaa na mboni kubwa upande mmoja na nyumba nzima ikadhani kapooza. Sasa mgonjwa aliyewekewa atropini hospitalini naye anapita hapo hapo: haoni vizuri maandishi ya karibu, jua linamuumiza, na hali hiyo inaweza kudumu wiki moja au zaidi. Tena kwenye irisi nyeusi dawa inachelewa kuanza na inachelewa kuisha, kwa sababu rangi ya irisi inaikamata na kuiachia pole pole. Asipoelezwa mapema atasema dawa imemharibu jicho, ataiacha, atabaki na ile moja.

Na ile moja ndiyo anayoipata mtu anayejitibu dukani. Sikilizeni mazungumzo yanavyokwenda. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu." "Jicho linanisumbua mama, jekundu siku ya tatu hii." "Pole. Chukua hii, tone mbili mara tatu kwa siku." Hakuna aliyeuliza kama mwanga unauma. Hakuna aliyemsogeza kijana mlangoni amtazame mboni. Simlaumu mama wa duka peke yake; mteja mwenyewe alikuja akiwa ameshika boksi tupu la dada yake. Tuseme kijana huyu ana iritisi. Dozi ya mara tatu kwa siku ni ndogo mno kuuzima uvimbe, lakini inatosha kufifisha wekundu. Kijana anafurahi, anaendelea na bodaboda yake. Ndani mboni inagandana polepole. Atakuja hospitali baada ya miezi, akisema jicho lilikuwa limeshapona.

Na tuseme hana iritisi. Tuseme ni mkulima aliyekwaruzwa na jani la hindi, na kidonda chake kwenye konea kimeingia ukungu, yaani fangasi. Steroidi inawafunga mikono askari wa mwili, fangasi wanapata nafasi, konea inaweza kuyeyuka na kutoboka. Au ni kile kidonda cha virusi vya hepesi, ambacho daktari akikipaka rangi ya manjano na kukimulika kwa taa ya buluu kinaonekana kina matawi kama mti. Kikiwekewa steroidi peke yake kinatanuka na kuacha kovu katikati kabisa ya njia ya kuonea. Na katika vidonda hivi mboni pia inaweza kubana, kwa sababu irisi ya nyuma imechokozwa. Ndiyo maana kazi ya kuitazama mboni nyumbani ni kukupeleka hospitali. Haikupi ruhusa ya kuchagua chupa.

Hatari ya tatu ndiyo inayoniuma kuliko zote kwa sababu haina maumivu. Presha ya kawaida ya jicho ni milimita za zebaki 10 hadi 21. Steroidi inaweza kuipandisha kwa kuziba mifereji ya kutolea maji ya jicho. Jambo hili lilichunguzwa vizuri miaka ya 1960 na madaktari wawili wa Marekani, Bernard Becker na Mansour Armaly, waliowapa watu wenye macho mazima matone ya steroidi kwa wiki kadhaa na kuwapima. Picha iliyopatikana inatumika mpaka leo: kama theluthi moja ya watu presha inapanda kiasi, na kama 5 kati ya 100 inapanda sana. Nani atakuwa katika hao watano? Usoni haonekani. Hajui yeye, hajui mama wa duka, hajui daktari mpaka apime. Na presha hiyo haiumi wala haileti wekundu. Uoni unaliwa kutoka pembeni kuja katikati, na mtu anaendelea kusoma gazeti vizuri hadi siku anapoanza kugonga milango. Kilichopotea hapo hakirudi, kwa dawa wala kwa upasuaji.

Watoto ndio wahanga wakubwa. Mnawajua watoto wenye mzio wa macho, wanaofikicha kutwa nzima mpaka weupe wa jicho umekuwa rangi ya matope. Shuleni wanasimangwa kwamba wana macho machafu. Mzazi amehangaika, ananunua chupa, mtoto anapata nafuu, chupa ikiisha muwasho unarudi, ananunua nyingine. Mwaka unapita hivyo, miaka inapita. Mzazi huyu anampenda mwanawe na anatoa pesa ya mfukoni kumtibu, na pesa hiyo hiyo ndiyo inayomnunulia presha ya jicho, au mtoto wa jicho, lile wingu la kwenye lenzi ambalo nalo huletwa na steroidi za muda mrefu. Kwa mzio huo zipo dawa nyingine za matone za kutumia kwa miezi, na steroidi hutumika kwa siku chache tu pale hali inapochachamaa, presha ikipimwa.

Nirudi nyuma kidogo, maana historia ya dawa hii ina funzo lake. Kabla ya steroidi, iritisi kali ilitibiwa kwa atropini, na penginepo madaktari walimdunga mgonjwa bakteria wafu wa taifodi ili apate homa makusudi, kwa kuwa waliona homa inautuliza uvimbe wa jicho. Fikiria kupelekwa hospitali jicho likiuma ukarudi na homa ya kutetemeka! Mwaka 1948, katika kliniki ya Mayo huko Rochester, Marekani, Philip Hench na wenzake walimdunga kotisoni, ambayo ni steroidi, mwanamke aliyekuwa amelemazwa na baridi yabisi. Baada ya siku chache alitembea. Mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein wa Uswisi walipewa tuzo ya Nobeli, na madaktari wa macho walikuwa tayari wanaijaribu dawa hiyo kwenye jicho. Miaka ya 1950 haijaisha, taarifa za presha ya jicho zikaanza kuandikwa. Kwa hiyo tunalijua tatizo hili kwa zaidi ya nusu karne, na bado chupa inauzwa kama peremende.

Wapo watu ambao mboni zao zilisinyaa bila kelele yoyote, na nisipowataja nitakuwa nimewadhulumu. Nawasema waliougua ukoma. Bakteria wa ukoma hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi, na sehemu ya mbele ya jicho ni baridi kuliko ya ndani. Wanaingia kwenye irisi, wanaharibu mishipa ya fahamu na misuli yake, hasa ule wa kupanua, na iritisi yao inaweza kwenda polepole kwa miaka bila wekundu wala maumivu ya maana. Mwisho wake mboni inakuwa tundu la sindano. Mtu mwenye mboni ya namna hiyo anaweza kuona mpaka siku kawingu kadogo ka mtoto wa jicho kanapotokea katikati ya lenzi. Kwako wewe kawingu hako kangekusumbua kidogo. Kwake kamefunika tundu lote, amekuwa kipofu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukoma unatibiwa kwa mchanganyiko wa dawa na unapona, na dawa hizo hutolewa bure. Lakini kupona bakteria hakulirudishi jicho, na mzee aliyemaliza dawa zamani, cheti anacho, bado anahitaji mtu wa kumtazama mboni. Prednisoloni ya vidonge wanaijua vizuri watu hawa, kwa sababu ndiyo inayotolewa mwili unapochachamaa dhidi ya masalia ya bakteria na mishipa ya fahamu kuvimba. Kwa irisi zao hutumika matone ya steroidi na ya kupanua, na mahali pengine upasuaji mdogo wa kuiongeza mboni iliyogoma.

Huko nyuma nimesema iritisi ni uvimbe, sijasema unatoka wapi. Mara nyingi chanzo hakipatikani. Kinapopatikana, kinaweza kuwa kifua kikuu, kaswende, VVU, au yale maradhi ya mgongo ya vijana wanaoamka asubuhi kiuno kimekaza. Kwa hiyo ukiambiwa ukapige picha ya kifua na ukatoe damu wakati umekuja na jicho, usidhani daktari anatafuta hela. Anaogopa kukupa steroidi za vidonge wakati una kifua kikuu kilicholala, maana hizo zitakiamsha. Na katika maeneo yenye ugonjwa wa usubi, kama Mahenge mkoani Morogoro, vijidudu vyake vinavyofia ndani ya jicho navyo huleta iritisi inayoweza kuivuta mboni kwenda chini, ikakaa na umbo la peasi.

Mboni ndogo kwenye macho yote mawili, bila wekundu wa namna niliyoeleza, ni habari nyingine kabisa. Kwa aliyetoka kunyunyizia nyanya au pamba, anatokwa na jasho, mate na kamasi, hiyo ni sumu ya viuatilifu, mwahishe hospitali na kopo la dawa yenyewe. Kwa aliyelala haamki, anapumua kwa taabu, inaweza kuwa heroini au dawa za maumivu za jamii hiyo. Hao si wa kliniki ya macho, ni wa dharura.

Sasa kwa aliyekwisha kuandikiwa steroidi na daktari aliyempima: usiikatishe siku jicho linapokuwa jeupe. Dozi inashushwa ngazi kwa ngazi, kwa wiki kadhaa, la sivyo uvimbe unarudi na hasira. Weka matone ya steroidi, subiri dakika tano, ndipo uweke ya pili, kwa sababu jicho halina nafasi ya matone mawili na la pili litalisukuma la kwanza shavuni. Baada ya kuweka, fumba jicho na ubonyeze kwa kidole kona ya ndani karibu na pua kwa dakika moja au mbili, dawa isishukie kooni. Ukipewa tarehe ya kurudi, nenda hata kama unajisikia vizuri, na ukifika uliza: presha yangu ni ngapi leo? Usipopimwa, omba upimwe. Ni haki yako, na kwa vifaa vya siku hizi ni kazi ya dakika chache.

Chupa ikishafunguliwa, andika tarehe kwenye karatasi yake. Wiki nne zikipita, hata ikiwa nusu, itupe, usimpelekee jirani. Na ile ya atropini ifungieni juu mbali na watoto. Mtoto akiinywa, uso unaiva, kinywa kinakauka, mwili unachemka, anaweweseka na mboni zimejaa jicho zima. Msimpe maziwa wala msingoje kukuche. Mchukueni yeye na chupa muende hospitali usiku huohuo.